Switch 2 imefika Kampala: kijana wa Beni, hesabu michezo kwanza

Juma lililopita, jioni, nilipotoka kusoma habari, nilimkuta kijana mmoja ananisubiri kwenye mlango wa redio. Ni msikilizaji wetu wa siku nyingi. Ana chumba kidogo cha michezo hapa mjini Beni: televisheni mbili, PlayStation 3 moja, PlayStation 4 moja, benchi tatu za mbao, na pano ya jua juu ya mabati. Akaniambia: «Yaya, kaka yangu wa Canada ametutumia dola 600. Nataka kushuka Kampala ninunue Nintendo Switch 2. Nitakuwa wa kwanza katika Beni nzima. Unaonaje?»

Nikamuuliza: «Utachezesha watu mchezo gani?»

Akasema: «Mario Kart.»

«Na mwingine?»

Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema: «Itakuja, yaya. Michezo itakuja.»

Neno hilo «itakuja» ndilo limenifanya niandike leo. Si yeye peke yake. Tangu mwezi wa sita, vijana wanatutumia ujumbe wakiuliza juu ya mashine hii, na wazazi nao wanauliza kama ni vizuri kutumia pesa hizo. Katika familia ya kijana huyu, zile dola 600 zina macho mengi yanayozitazama. Mama yake alikimbia toka upande wa Oicha, sasa anaishi katika nyumba ya watu waliompokea. Anatafuta kipande cha shamba cha kukodi karibu na mji, mahali anapoweza kulima na kurudi kabla jua halijazama. Kuna pia watoto wawili wa dada yake ambao hawajamaliza kulipiwa shule. Kwa hiyo kuuliza kama michezo ya kwanza ya konsoli inatosha kununua mapema, hapa kwetu ni kuuliza nani atangojea: kijana angojee mashine, ama mama angojee shamba.

Mimi mtazamo wangu ni huu, nausema mwanzoni ili asiwepo wa kusema nimezunguka: kwa chumba cha michezo cha hapa Beni, na kwa familia nyingi zinazotusikiliza, Switch 2 haistahili kununuliwa mapema. Mashine yenyewe si mbaya. Shida ni michezo iliyokuja nayo, na namna tunavyoishi sisi.

Tuanze na ukweli wa mashine. Nintendo Switch 2 ilitoka tarehe 5 mwezi wa sita 2025. Bei yake rasmi kule Marekani ilikuwa dola 449,99, ama dola 499,99 ikiwa pamoja na mchezo wa Mario Kart World. Ukinunua Mario Kart World peke yake, kule Marekani ilikuwa dola 79,99. Kampuni ilitangaza kwamba katika siku nne za kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni 3,5 duniani. Ina kioo chake cha kuchezea mkononi, na unaweza kuiunganisha na televisheni. Nintendo inasema betri inadumu tangu saa 2 mpaka saa 6 na nusu, kulingana na mchezo. Hapo kijana wangu ana haki: umeme ukikatika, mashine hii haizimiki papo hapo. Tena inakuja na maneti mbili ndogo za pembeni, unaweza kuzitenga na watu wawili wakacheza siku hiyo hiyo bila kununua maneti nyingine. Hizo ni faida za kweli na sizifichi.

Sasa tuangalie michezo. Siku ile ya tarehe 5, watu waliofungua maboksi walikuta nini? Mchezo mkubwa mpya uliotengenezwa kwa ajili ya mashine hii ulikuwa Mario Kart World, mashindano ya magari. Kulikuwa pia na Welcome Tour, programu inayokuonyesha mashine yako imetengenezwa namna gani, na hata hiyo iliuzwa karibu dola 10. Watu wengi walilalamika kwamba kitu kama hicho kingekuwa cha bure, na mimi ninakubaliana nao. Ukishanunua kitanda, fundi hawezi kukulipisha tena akuonyeshe misumari.

Mingine mingi iliyojaza orodha ilikuwa ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Michezo miwili ya Zelda ni ya mwaka 2017 na 2023. Cyberpunk 2077 ilitoka kwanza mwezi wa 12 mwaka 2020. Hogwarts Legacy na Street Fighter 6 ni za 2023. Ni michezo mizuri, sikatai. Lakini sikiliza hili vizuri, wewe mwenye chumba cha michezo: Cyberpunk, Hogwarts na Street Fighter 6 zote ziko kwenye PlayStation 4. Ile PlayStation 4 uliyo nayo tayari, yenye vumbi, inayokulisha kila siku. Kwa michezo hiyo, dola 600 zinakununulia picha inayong'aa zaidi, basi.

Halafu kuna mpira. Katika chumba chochote cha michezo hapa Beni, ukihesabu watu kumi kwenye benchi, wanane wamekuja kwa ajili ya mpira. Nimekaa katika vyumba hivyo miaka mingi, najua ninachosema. EA Sports FC, ule ambao sisi bado tunauita FIFA, haukutengenezwa kwa Switch 2 siku ya kutoka kwake. Ulikuja mwezi wa tisa, toleo la FC 26. Na mwezi huo huo wa tisa, FC 26 ilitoka pia kwa PlayStation 4, mashine ya mwaka 2013. Aliyenunua Switch 2 mwezi wa sita kwa ajili ya mpira alikaa zaidi ya miezi mitatu akingoja kitu ambacho jirani yake amekipata kwenye mashine kuukuu.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa Kampala hawatakwambia. Baadhi ya michezo ya Switch 2 inauzwa katika kadi ambayo ndani yake mchezo haumo. Kadi ni kama ufunguo tu: ukiichomeka, mashine inakuomba intaneti ili ipakue mchezo wote. Kwa mtu wa Tokyo ama wa Montréal, hilo si kitu. Kwa sisi tunaonunua mega kwa kuhesabu, tunaoamka saa tisa za usiku ili mtandao uwe mwepesi, mchezo wa giga makumi ni mzigo wa mshahara. Si kadi zote ziko hivyo. Cyberpunk, kwa mfano, imo yote ndani ya kadi yake. Lakini lazima usome boksi kabla ya kutoa pesa, na maandishi hayo ni madogo, tena hayako kwa Kiswahili.

Wengine wataniambia: «Muandishi, konsoli zote huanza hivyo. Mwanzoni michezo ni michache, baadaye inajaa.» Ni kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Kama zote huanza hivyo, basi aliye na haraka ndiye hulipa zaidi ili apate kidogo.

Angalieni historia. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa mashine ya mkononi iitwayo 3DS, kwa dola 249,99 kule Marekani. Michezo ya mwanzo haikuvutia watu, mauzo yakalegea. Mwezi wa nane wa mwaka huo huo, miezi isiyofika mitano, kampuni ikashusha bei mpaka dola 169,99. Wale waliokimbilia kununua walipoteza dola 80 bila kuibiwa na mtu. Kampuni iliwapa michezo 20 ya zamani ya bure kama pole. Ni vizuri kupewa pole, lakini ni vizuri zaidi kutopoteza.

Mwaka 2017, Switch ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Ilikuwa na Zelda mkubwa sana, ambao ulitoka siku hiyo hiyo pia kwa Wii U, mashine iliyotangulia. Mario Kart ilikuja mwezi wa nne, Super Mario Odyssey ikaja mwezi wa kumi. Aliyengojea mpaka mwisho wa mwaka alipata mashine ile ile, na meza imekwisha kuandaliwa.

Cyberpunk yenyewe ni somo. Ilipotoka mwisho wa 2020, kwenye PlayStation 4 ilikuwa imejaa makosa, mpaka Sony ikaiondoa katika duka lake la mtandaoni kwa karibu miezi sita. Waliongoja walipata mchezo uliotengenezwa vizuri. Na GTA V, ambayo kila kijana hapa anaijua, iliuzwa mwaka 2013 kwa PlayStation 3, mwaka 2014 kwa PlayStation 4, na mwaka 2022 kwa PlayStation 5. Mchezo mmoja, mashine tatu. Mtu angeweza kuununua mara tatu, na barabara za mji ule zikabaki zile zile.

Ili nisiwe mtu wa upande mmoja, niseme pia kwamba mara nyingine mchezo mmoja unatosha. Nintendo 64 ilipofika Marekani mwaka 1996 ilikuwa na michezo miwili tu siku ya kwanza. Lakini mmoja wao ulikuwa Super Mario 64, na waliouona waliona kitu ambacho hakikuwako kabla. Kwa hiyo wingi wa michezo si kipimo. Kipimo ni kama upo mmoja ambao huwezi kuupata mahali pengine, na ambao utauchezea miezi mingi bila kuchoka. Mtu akiniambia kwamba Mario Kart World ni mchezo huo kwake, na pesa ni zake, na hakuna mtu nyumbani anayezingojea, sitamzuia. Anunue, na Mungu ambariki.

Lakini naomba sasa niwaambie kitu changu mwenyewe, maana si haki kuwashauri wengine nikificha kidonda changu.

Mwaka 2021 nilifanya kile kile ambacho kijana huyu anataka kufanya. PlayStation 5 ilikuwa imetoka mwezi wa 11 mwaka 2020, bei rasmi dola 499. Dunia nzima ilikuwa inaitafuta na haionekani, na walioipata waliiuza tena kwa bei ya kichwa chao. Mimi na shemeji yangu tulikuwa na ndoto ya kufungua chumba cha michezo cha kisasa. Zamu yangu ya likelemba ilifika, nikaongeza mkopo wa AVEC, yeye akaongeza yake, tukanunua PlayStation 5 moja Kampala kwa dola 850. Tukaivusha Kasindi tukiwa tumeifunika na nguo, kama mtoto mchanga.

Siku ya kwanza watu walijaa mpaka nje. Ndani ya mashine kulikuwa na mchezo wa bure, Astro's Playroom, mtoto wa roboti anayekufundisha namna maneti inavyotetemeka. Watoto waliupenda. Ulidumu juma moja. Baada ya hapo wakauliza: «Mpira uko wapi?» Tukatafuta FIFA 21. Ilikuwa nzuri, nyasi zinaonekana, jasho linaonekana. Halafu mteja wetu wa kwanza wa kila siku, kijana wa pikipiki, akasema neno ambalo sijalisahau: «Goli ni goli.» Akarudi kucheza kwa jirani, kwenye PlayStation 4, kwa sababu kule alikuwa na wapinzani wake na hakuhitaji kungoja foleni ya mashine moja.

Tulijaribu kupandisha bei ya mechi. Kwa jirani ilikuwa faranga 500, sisi tukaweka 1 000. Siku tatu, chumba kikabaki na upepo. Tukarudi 500. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kupanda gari: mteja wa Beni analipa mechi, halipi mashine. Mashine ya dola 850 na mashine ya dola 150 zinaingiza faranga 500 zile zile kwa mechi ile ile.

Na michezo mingine ya mwanzo? Spider-Man wa Miles Morales alikuwako pia kwenye PlayStation 4. Sackboy vilevile. Demon's Souls ulikuwa wa PlayStation 5 peke yake, lakini ni mchezo wa mtu mmoja, mgumu kama mwamba, nao wenyewe ulikuwa umetengenezwa upya toka mchezo wa 2009. Katika chumba cha michezo, mchezo wa mtu mmoja ni hasara: mmoja anacheza, tisa wanatazama bila kulipa.

Halafu maisha yakatufikia. Mwezi wa tano baada ya kununua, wazazi wa mke wangu walikimbia kijiji chao. Walifika kwetu usiku, watu saba, na godoro moja. Asubuhi mke wangu aliniuliza tuko na pesa ngapi. Nilitazama lile boksi jeupe chini ya televisheni na sikuwa na jibu. Pesa yote ilikuwa mle ndani. Huwezi kukata kipande cha konsoli ukanunue unga. Tuliiuza kwa siku mbili, kwa haraka, kwa dola 500, kwa mfanyabiashara wa Butembo ambaye alijua tuna shida na hakuona haya. Deni la AVEC nililipa miezi kumi na minne. Cherehani ambayo mke wangu alikuwa anaingoja kwa zamu ile ya likelemba, aliipata mwaka uliofuata.

Simlaumu mtu. Hakuna aliyenidanganya. Nilinunua «itakuja», na kilichokuja kilikuwa kingine.

Kwa hiyo nilikaa na yule kijana pale mlangoni tukafanya hesabu kwa kalamu. Kampala walikuwa wamemuomba dola 620 kwa Switch 2 pamoja na Mario Kart. Ongeza safari ya kwenda na kurudi, kulala, na duane ya Kasindi. Dola 600 zimekwisha kabla hajafika mpakani kurudi. Na hata akifika, ana mashine moja, mchezo mmoja, na hajui nani hapa mjini atamtengenezea ikiharibika. PlayStation 4 ina mafundi Beni, ina mafundi Butembo, vipande vyake vinapatikana. Switch 2 ikidondoka kwenye sementi, fundi wake wa karibu ni sala.

Upande wa pili wa karatasi tuliandika: PlayStation 4 ya okazi, dola 150. Televisheni ya okazi, dola 70. Maneti mbili nzuri, dola 50. Jumla dola 270. Zinabaki 330. Hapo mama anapata shamba la kukodi na mbegu, watoto wanarudi shuleni, na chumba kinakuwa na mashine tatu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Watu sita kwenye maneti badala ya wanne. Alitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu.

Lakini kijana si mjinga, naye alikuwa na majibu. Acha niyataje kwa heshima.

Alisema: «Yaya, siku hizi bei haishuki tena, inapanda.» Ana haki. Zamani ulikuwa na hakika kwamba konsoli inapungua bei kila mwaka. Lakini mwezi wa nane mwaka 2025, Sony iliongeza dola 50 kwa PlayStation 5 kule Marekani, mashine iliyokuwa na karibu miaka mitano. Xbox nayo ilipanda. Hata Switch ya kwanza ya 2017 ilipandishwa bei kule. Kwa hiyo sitamwambia mtu «ngoja, itakuwa rahisi», maana naweza kumdanganya. Ninachosema ni kwamba hata kama itapanda dola 50, hasara ya kungoja ni dola 50. Hasara ya kukimbilia inaweza kuwa shamba la msimu mzima. Tena mashine ya okazi ya kizazi kilichopita haifuati bei hizo. Watu wa nje wakinunua mpya, zile za zamani ndizo zinazoteremka kuja kwetu.

Alisema pia: «Kuwa wa kwanza ni matangazo.» Hapo pia kuna ukweli. Watu watakuja kutazama. Lakini macho hayalipi, na nimewaambia yaliyonipata. Juma la kwanza ni la sifa. Kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi.

Jibu lake la mwisho ndilo lilinigusa. Alisema: «Watoto wa wakimbizi wanakuja kwangu. Wanataka kuona kitu kipya, si kila siku mabaki.» Hilo sikulichukua kwa mchezo. Wazee wengi wanasema vyumba vya michezo vinaharibu watoto, na ni kweli wako wanaokimbia darasa. Lakini nimemsikia mama mmoja aliyekimbia toka Lubero akisema kwamba mtoto wake hakuongea miezi miwili, na mara ya kwanza alipiga kelele ya furaha ilikuwa pale kwenye benchi, baada ya goli. Alifunga na mtoto wa familia iliyowapokea, maneti moja kila mmoja. Leo wanakwenda shule pamoja. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba mchezo ni upuuzi. Mtoto aliyekimbia vita ana haki ya kucheka.

Lakini angalia ni nini kilimponya yule mtoto. Ni maneti ya pili. Ni kwamba kulikuwa na nafasi ya mwingine kukaa naye. Kama kweli tunafikiria watoto hao, basi pesa ya mashine moja mpya inayochezwa na wawili ina kazi bora zaidi: kununua maneti nyingine, kutengeneza benchi ya nne, na kuweka saa moja ya bure Jumatano baada ya shule. Mtoto hataki kujua mashine ilitoka mwaka gani. Anataka zamu yake ifike.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo wazee wa Kivu wanayo. Mwisho wa mwaka 2000, wakati dunia ilikuwa inatafuta simu, tarakilishi na PlayStation 2, bei ya koltani ilipanda kwa ghafla, maana ndani ya vyombo hivyo kuna tantali, na tantali inatoka katika koltani. Watu waliacha mashamba na shule wakakimbilia machimbo ya Masisi na Walikale. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wale waliofika mwisho, waliouza mbuzi ili wapate nauli, walikuta mashimo tu, na nyuma yao mashamba yamekuwa pori. Sisi tumekwisha kulipia haraka ya dunia mara nyingi, kwa udongo wetu na kwa damu. Si lazima tuilipie tena dukani, sisi wenyewe, kwa hiari.

Basi, kwa wasikilizaji wanaoniuliza, nawapa maswali matatu. Yajibuni kwa kalamu, si kwa moyo.

La kwanza: leo, si kesho, kuna mchezo gani kwenye mashine hii ambao siwezi kuucheza kwenye ile niliyo nayo, na ambao wateja wangu ama watoto wangu watauchezea miezi sita? Ukianza kujibu kwa «itakuja», umekwisha kujijibu.

La pili: mchezo huo unachezeka bila intaneti, na watu wawili ama wanne kwenye chumba kimoja? Kama hapana, si wa hapa kwetu kwa sasa.

La tatu: kama kesho usiku watu saba wakibisha mlango wangu na godoro moja, pesa hii ingekuwa wapi? Swali hili halimo katika magazeti ya Ulaya yanayoandika juu ya konsoli. Lakini sisi tunaishi Beni.

Na kwa ndugu zetu mlio Canada, Ubelgiji, Marekani na kwingineko: mnapotuma pesa kwa mdogo wenu, msiseme tu «nunua unachotaka». Muulizeni mama naye. Na kama mnataka kumfurahisha kijana, mashine yenu ya zamani ambayo imelala chini ya kitanda, pamoja na maneti zake na diski zake, ina thamani kubwa hapa kuliko mnavyofikiri. Mtu anayesafiri akiibeba katika sanduku, chumba kizima kitawaombea.

Yule kijana hajanipa jibu. Alikunja karatasi ya hesabu, akaiweka mfukoni, akasema ataongea na mama yake Jumapili baada ya ibada. Nilipenda kwamba alisema «na mama». Nilimwambia kwamba akiamua kununua Switch 2 licha ya maneno yangu, nitakuja kucheza Mario Kart siku ya kwanza na nitalipa faranga 500 zangu kama kila mtu.

Lakini tangu jana kuna mtu amenipigia simu akiuliza kama najua mahali wanapouza PlayStation 4 ya okazi isiyo na shida ya feni. Hakutaja jina. Sauti yake naijua.